Mwenye Mitambo na Wenye Sauti

Neema, ambaye sasa anakalia kiti nilichokuwa nakalia mimi, aliniomba niandike yale yasiyopatikana kwenye mafaili ya ofisi. Alisema mafaili yanaonyesha nani aliajiriwa lini na nani alipandishwa lini, lakini hayamwambii mtu afanye nini pale mzee anapokataa kuzungumza kwa sababu kinasa sauti kinawaka taa nyekundu. Jibu lake ni rahisi. Funika taa kwa kidole gumba, halafu mwambie kwamba umeifunika ila kifaa bado kinasikia. Ukimficha, utapata maneno yake ya siku hiyo na hutapata mengine tena.

Basi naandika. Naitwa Paulina Sulle, mzaliwa wa Endasak. Nimefanya kazi katika redio yetu ndogo hapa Katesh, wilayani Hanang, tangu siku ilipofunguliwa hadi mwaka huu nilipostaafu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwa vichache na havina hadithi. Nitaeleza kazi, vifaa, watu walionifundisha, na hasa habari za mtu mmoja ambaye hakuwa mfanyakazi mwenzetu, ingawa bila yeye redio isingekuwepo. Huyo ni Mzee Temba, mwekezaji. Miaka yote hiyo nilikuwa najaribu kumwelewa, na hata sasa sina hakika kama nimemaliza.

Nilimwona kwa mara ya kwanza siku ya ufunguzi. Nilikuwa nimetoka kwenye kazi ya kupiga chapa, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana, na nilitegemea kumwona tajiri mwenye tumbo na walinzi. Akashuka mtu mwembamba mwenye sweta, amebeba mwavuli wake mwenyewe. Alikuwa ametajirika kwa mbegu na malori, baadaye akanunua hisa katika kampuni za watu wengine, nyingine za nje ya nchi. Hakutaka kukaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Alizunguka vyumba vyote akiuliza maswali. Kwa nini kuta zimefunikwa magodoro? Huu waya unaenda wapi? Hii sponji kwenye maikrofoni ni ya nini?

"Inazuia mate, Mzee," fundi wetu akajibu.

Mzee Temba aliitazama sponji kwa muda, halafu akaandika kitu kwenye kidaftari. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Fundi huyo alikuwa Mzee Anselm, na ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa fundi, mhariri na dereva wa pikipiki ya ofisi, yote kwa pamoja. Alikuwa amefanya kazi ya redio miaka mingi mjini kabla ya kurudi nyumbani Mbulu, na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ukaichoka: mtu akimaliza kujibu, usizime. Vuta pumzi tano taratibu, mtazame, nyamaza.

"Jibu la kwanza ni la wageni," alikuwa akisema. "La pili ndilo lake."

Safari yangu ya kwanza ya kikazi ilikuwa Yaeda Chini, bondeni, mbali na Katesh. Tulitoka asubuhi kwa pikipiki, mimi nyuma nimekumbatia mfuko wa vifaa, njia yenyewe mawe na mchanga, na mara mbili tulishuka tukasukuma. Kule tulimkuta Bibi Ester, mama wa Kihadzabe aliyesifika kwa kujua mahali pa kuchimba mizizi ya chakula wakati wa kiangazi. Alizungumza karibu saa nzima. Alieleza jinsi ya kugonga ardhi kwa fimbo na kusikiliza mlio kabla ya kuchimba, akagonga mwenyewe ili tusikie tofauti. Nilisahau kama niko kazini. Tuliporudi kwenye nyumba tuliyofikia, nikaweka vipokea sauti masikioni ili nisikilize tulichopata. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kusimamisha badala ya kile cha kurekodi.

Nilimwambia Mzee Anselm nikiwa tayari kufukuzwa. Aliendelea kukaza mnyororo wa pikipiki.

"Kesho utarudi umwambie," alisema.

"Nimwambie nini, Mzee?"

"Kilichotokea. Una kingine cha kumwambia?"

Asubuhi nikarudi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, nikamweleza kwamba kifaa hakikushika hata neno moja, kwamba kosa ni langu, na kwamba naomba aseme tena yale ya jana. Alicheka mpaka wajukuu zake wakaja kuangalia kuna nini.

"Yale ya jana yamekwisha," alisema. "Niliyasema kwa sababu uliuliza kama mtu wa jana. Leo niulize kama mtu wa leo."

Nikauliza upya. Akasimulia habari nyingine kabisa: siku aliyosikia mlio akiwa mtoto, akachimba kwa furaha, na mama yake, aliyejua toka mwanzo kwamba chini pana jiwe, akakaa kivulini akamwacha achimbe mpaka alifikie mwenyewe. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Tuliirusha mara nyingi, na watu wa Hanang ambao hawajawahi kufika Yaeda walikuwa wananisimamisha barabarani kuniuliza kama yule bibi bado anachimba. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi.

Mzee Temba alikuwa akija mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Alikaa kwenye benchi la korido akinywa chai isiyo na sukari na kumuuliza kila anayepita anafanya nini. Ukimjibu kwa kifupi, anauliza tena. Mwaka mmoja nilipata ujasiri nikamuuliza mimi.

"Mzee, kwa nini redio? Wenzako wanajenga madarasa na zahanati, na majina yao yanaandikwa ukutani."

"Na mimi nimejenga madarasa," alisema. "Ukijenga darasa watu wanakushukuru. Wanakushukuru mpaka hujui tena nani anakwambia kweli. Nilitaka kutoa kitu ambacho watu hawalazimiki kunishukuru."

Niliona ni maneno mazuri ya mtu aliyeshiba. Sikuwa na sababu ya kuyaamini wala ya kuyakataa. Sababu ilikuja miaka michache baadaye, kutoka kijiji cha Gitting.

Ililetwa na Mama Katarina, mkulima wa mahindi na maharage, mchangiaji wa kudumu wa kipindi chetu cha wakulima. Alifika ofisini amebeba kopo la maziwa lililojaa udongo, akaliweka juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu.

"Nimepanda maharage kumi humu," alisema. "Hesabu yaliyoota."

Yalikuwa mawili, tena moja limepinda.

"Mbegu nimenunua dukani, mfuko umeshonwa vizuri. Shamba langu lote liko kama hili kopo. Na majirani zangu vilevile. Nataka niseme redioni."

Alitoa mfuko mtupu akaukunjua. Ulikuwa wa kampuni ya Mzee Temba.

Meneja wetu wa wakati ule, mtu mwema mwenye watoto wengi shuleni, alisema tusubiri. Labda ni mvua. Labda ni udongo. Mimi na Mzee Anselm tukaenda Gitting tukatembea shamba kwa shamba. Mbegu za aina nyingine zilikuwa zimeota, kwenye udongo uleule na kwa mvua ileile. Tulipata watu waliokuwa tayari kusema kwa majina yao. Tuliporudi, meneja akasema basi angalau Mzee Temba apigiwe simu kwanza.

"Atapigiwa kuombwa jibu," Mzee Anselm alisema. "Hatapigiwa kuombwa ruhusa. Paulina, piga wewe, na ujue unapiga kwa ajili ya lipi."

Nilipiga. Nilimsomea waliyosema wakulima neno kwa neno, nikamwambia kipindi kitarushwa Alhamisi na tungependa kurusha jibu lake pamoja nacho. Akanyamaza. Nami nikavuta pumzi tano, maana sheria ni sheria.

"Unajua mnakaa kwenye jengo la nani?" aliuliza mwishowe.

"Najua, Mzee."

Akakata simu.

Tulirusha kipindi tukasema kwamba tumemtafuta na hakutoa maelezo. Siku chache baadaye alikuja. Hakupita ofisini kwetu. Alikwenda moja kwa moja Gitting. Habari tulizipata kwa Mama Katarina. Alisema Mzee Temba alimkuta shambani, akamsalimia, akavua koti, akapiga magoti, akaanza kufukua mashimo kwa kidole, moja baada ya jingine, akitoa maharage yaliyooza na kuyaweka kwenye kofia yake. Alimaliza mstari mzima. Kisha akamuuliza mama kama ana maji ya kunawa.

Ilikuja kujulikana kwamba mbegu zile zilikuwa zimekaa msimu mzima kwenye ghala la bati lenye joto kali. Wakulima walipelekewa nyingine mvua zikiwa bado zipo, na Mzee Temba alikuja studio akasema kosa ni la kampuni yake. Alisema kwa sentensi nne. Nilitaka aongeze, akatikisa kichwa.

Mngetegemea niseme kwamba mambo yakaishia hapo kwa amani. Hapana. Mwaka ule hakuja kukaa kwenye benchi lake. Mtambo wa kurushia matangazo ukaungua, barua zetu hazikujibiwa, na tukakaa wiki nyingi tukiwa redio isiyosikika. Tulirekodi vipindi na kuviweka kabatini. Meneja alinitazama kila asubuhi kana kwamba mtambo niliuunguza mimi kwa mdomo wangu. Katika kipindi hicho Mzee Anselm aliugua akafariki, tukamzika Mbulu, nami nikarithi bisibisi zake na vipokea sauti vyake vilivyofungwa kwa plasta. Alifariki bila kujua kama tulichofanya kimeua redio.

Mtambo mpya ulikuja hatimaye, na mavuno yaliyofuata Mzee Temba akaja. Aliomba chai, akanionyesha nafasi kwenye benchi nikae.

"Nilikuwa nimeamua kuwafungia," alisema. "Nataka ulijue hilo. Barua ilikuwa mezani kwangu. Kila nikitaka kuisaini najiuliza, kama nimewapa redio halafu nawachagulia maneno, nimetoa nini? Nitakuwa nimenunua tangazo."

"Ndicho kilichokuzuia, Mzee?"

Alifikiri. "Hapana. Kilichonizuia ni mtu wa ghala. Nilimuuliza kwa nini hakusema mbegu zimeungua. Akaniambia alidhani sipendi kuambiwa. Huyo namlipa. Yule mama wa Gitting simlipi, na ndiye aliyeniambia." Akapuliza chai. "Sasa nikimziba mdomo yule, nitajulia wapi mambo yangu mwenyewe?"

Ninyi mliokuja juzi mnadhani uhuru wa kusema ni ibara kwenye katiba. Ni kweli imo. Lakini mimi nimeuona pia ukiwa kopo la maziwa juu ya meza, na mtu tajiri akiwa na matope magotini, na bado ilibaki kidogo tu tufungiwe.

Sasa nafika kwenye mashine. Mzee Temba, wakati huo akitembea kwa fimbo, alikuja na laptopu na habari kwamba amewekeza kwenye kampuni ya vijana wanaotengeneza akili mnemba ya lugha za hapa kwetu. Neema, aliyekuwa fundi wetu wa kompyuta, aliiunganisha kwenye spika, sote tukasogea. Mzee alikuwa na uso wa mtu aliyeleta ndama wa aina mpya kijijini.

"Nataka mniambie itashindwa wapi," alisema. "Walioitengeneza wameshaniambia inaweza nini."

Tuliijaribu siku nzima. Taarifa ya hali ya hewa iliandika vizuri kuliko mimi, na sioni aibu kusema. Tangazo la chanjo ya mifugo likatoka safi. Barua ya kuomba kibali cha kurefusha mnara iliandikwa kwa unyenyekevu ambao mimi sijawahi kuwa nao. Kisha nikaiomba itunge hadithi ya watoto kuhusu msichana anayeishi Gitting, mteremkoni mwa Mlima Hanang. Ikatunga papo hapo, sentensi zimenyooka, na yule msichana akaamka asubuhi akaenda kuangua madafu. Gitting, ambako mwezi wa saba asubuhi vidole havishiki kikombe kwa baridi.

Tulicheka. Neema akaiambia hakuna minazi kule. Ikaomba radhi, ikaondoa minazi, ikaweka mikorosho. Mzee Temba hakucheka. Alikuwa anaandika kwenye kidaftari.

"Haijui kwa sababu hakuna aliyeiambia," alisema. "Na ninyi mna kabati lililojaa watu walioeleza kila kitu."

Alimaanisha maktaba yetu. Kulikuwa na kanda za miaka ya mwanzo, kisha diski, kisha kadi ndogo, ambazo mbili niliwahi kuzipoteza nikazikuta zote mbili kwenye mfuko wa aproni. Humo mna Kiswahili, Kiiraqw, Kibarabaig na Kihadzabe. Mna mazishi, mavuno, ugomvi wa malisho, nyimbo. Kampuni ilitaka vyote ili ifundishie mashine. Meneja wa sasa alikuwa tayari kuvifunga kwenye boksi kabla chai haijapoa. Nikasema hapana, kabla hata sijafikiri sawasawa kwa nini.

"Watu hawa waliongea ili wasikike redioni," nilisema. "Hawakuongea ili kitu kingine kijifunze kuongea kama wao. Tukawaulize."

"Wengine wamekufa," meneja alisema.

"Wana watoto."

"Paulina," Mzee Temba alisema taratibu, "kanda hizo nilizilipia mimi."

"Ulilipia mitambo, Mzee. Sauti hukulipia. Hatujawahi kumlipa mtu yeyote ili aseme."

Sijui nilipata wapi ukali ule. Umri, labda. Meneja alitazama dirishani. Mzee Temba aliizungusha fimbo yake sakafuni mara mbili tatu.

"Nenda ukaulize," alisema. "Lakini uniletee na sababu zao. Sitaki ndiyo na hapana tupu."

Tukaandaa fomu fupi. Sauti yako itumike kufundishia mashine? Kama ndiyo, sehemu ipi? Kwa nini? Mimi na Neema tukaanza kuzunguka, kwa pikipiki na kwa miguu, na nikiri kwamba ilikuwa kazi niliyoifurahia kuliko zote, maana nilikuwa sijui kabisa watu watasema nini.

Mama Katarina aliuliza kama mashine itawafundisha wakulima wa kwingine kupanda maharage. Neema akasema huenda.

"Basi ichukue yote. Na ile siku ya kopo pia iichukue. Isije ikajua maharage halafu isijue kulalamika."

Yaeda Chini, Bibi Ester alikuwa bado hai, macho yake yamefifia. Neema alimweleza kwa uvumilivu mashine ni nini na inataka nini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Inasikia njaa?" aliuliza.

"Hapana, Bibi."

"Sasa itachimba kwa nini?"

Neema alinitazama. Bibi Ester alikataa bila hasira, kama mtu anayekataa kununua kitu asichoona matumizi yake. Lakini binti yake, ambaye amesoma, alikuwa amekaa pembeni, naye akaanza kubishana na mama yake kwa lugha yao. Alitutafsiria baadaye. Alikuwa anasema wao ni wachache, na kama lugha yao haitaingia kwenye vitu hivi, watoto wataona haina kazi. Walibishana muda mrefu. Mwisho wakaafikiana: majina ya mimea na mizizi yachukuliwe, hadithi zibaki. Katika ripoti zetu nilizoea kuandika "maoni ya jamii". Siku ile nyumba moja ilikuwa na maoni mawili, na yote yalikuwa na haki ya kusikilizwa. Niliacha kuandika hivyo.

Wa mwisho nitakayemtaja ni Mzee Gidamuna, mfugaji wa Kibarabaig wa uwandani chini ya mlima, mtunzi wa nyimbo za kulisifu dume lake la ng'ombe. Nyimbo zake tulikuwa nazo nyingi. Alisema hatajibu lolote mpaka asikie mashine ikiimba yenyewe. Tukarudi siku nyingine na laptopu, tukakaa nje ya boma, na kwa kuwa mashine haikujua lugha yake, Neema aliiomba itunge kwa Kiswahili wimbo wa kusifu dume. Alimsomea mstari kwa mstari.

"Rangi gani?" Mzee Gidamuna aliuliza.

"Nini, Mzee?"

"Hilo dume. Nimesikia lina nguvu, nimesikia lina pembe. Ni la rangi gani? Limezaliwa na ng'ombe yupi?"

Neema akaiuliza. Ikajibu mara moja kwamba ni jeusi lenye baka jeupe kifuani, na mama yake alikuwa mwekundu.

"Imesema hivyo kwa sababu tumeuliza," Mzee Gidamuna alisema, na akafurahi sana, kama mtu aliyegundua kamba imefungwa wapi. Halafu akanyoosha kidole kwenye laptopu. "Rudia ule mstari wa vumbi."

Neema akasoma: "Vumbi lake hufika nyumbani kabla yake."

Mzee akaurudia kwa Kiswahili. Akaujaribu kwa lugha yake, akatikisa kichwa, akaugeuza, akaujaribu tena. Mara ya nne akaingiza jina la dume lake na jina la korongo analopita kurudi jioni, na vumbi likawa ndilo linalomwinua mke wake kuchemsha maziwa. Wale waliokuwa wakitusikiliza kutoka zizini wakaitikia.

"Huu nauchukua," alisema. "Yenyewe inataka nyimbo zangu, mimi nachukua mstari mmoja. Haina ng'ombe wa kumsifia."

Akaruhusu nyimbo zake zote, kwa sharti moja alilotaka liandikwe kama alivyolisema: "Ikiimba, iseme imeimba yenyewe. Isiseme ni Gidamuna."

Njiani Neema aliniuliza, "Mama, sasa ule mstari ni wa nani?"

Nilimwambia sijui. Bado sijui. Mashine iliuandika kwa kufumba na kufumbua na haikuurudia tena, na Mzee Gidamuna alikuwa bado anauimba tulipofika barabarani.

Mzee Temba alizisoma fomu zote. Alilala siku mbili kwenye nyumba ya wageni kwa ajili hiyo. Vijana wa kampuni hawakufurahi, kwa kuwa waliokataa walikuwa wengi na walioruhusu nusunusu wengi zaidi. Mmoja wao alimwambia kwenye simu, mbele yetu, kwamba kampuni kubwa za nje huchukua bila kuuliza. "Najua," Mzee Temba alisema. "Ndiyo maana fedha yangu niliileta kwenu." Wakachukua kilichoruhusiwa, basi.

Nilimuuliza ameona nini kwenye fomu. Alisema swali la Bibi Ester lilimkosesha usingizi.

"Maisha yangu yote nimewalipa watu wa kujibu," alisema. "Na sasa nimenunua kitu kinachojibu kila kitu. Wa kuuliza ndio sijui wanapatikana wapi. Inaonekana wengine mnao huku."

Mwezi wangu wa mwisho kazini alikuja tena, asubuhi, bila taarifa. Aliomba nimrekodi. Isipokuwa zile sentensi nne za mbegu, hakuwahi kuongea kwenye redio aliyoijenga. Nilimkalisha, nikamsogezea maikrofoni, Neema akatoka akafunga mlango, akakaa upande wa pili wa kioo.

Aliongea habari za malori, za hisa, za kwa nini mtu mwenye mali atoe. Yalikuwa maneno ya kupanga, mengine nilishayasikia. Alipomaliza sikuzima. Akanitazama, akatazama mikono yake, halafu akaanza kumzungumzia mama yake. Alieleza jambo alilomfanyia zamani, alipokuwa anaanza kupata mali, na mama alifariki bila yeye kumwomba msamaha kwa hilo. Aliongea kama dakika ishirini. Sauti yake ilibadilika, ikarudi kwenye matamshi ya nyumbani kwao, ambayo nilikuwa sijawahi kuyasikia kinywani mwake.

Alipotulia nikampa fomu, kama tunavyompa kila mtu. Alivaa miwani.

"Hii ni lazima hata mimi?"

"Ni kwa kila anayeongea, Mzee."

Alilisoma swali la kwanza muda mrefu kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumpelekea.

"Malori na hisa wachukue," alisema. "Na yale ya kutoa wachukue, ingawa hayana jipya. Pale kwa mama, hapana."

"Sababu niandike nini?"

Akafikiri. "Andika kwamba pale sikuwa naongea na watu. Nilikuwa naongea na yeye."

Nilikata rekodi mwenyewe, kazi yangu ya mwisho kwenye ile meza. Nilikata kwenye pumzi, si kwenye neno, kama tunavyofundishwa. Sehemu ya kwanza ikaenda maktaba na lebo yake. Ya pili niliiweka kwenye kadi ndogo, kisha Neema akaifuta kwenye kompyuta Mzee akiwa anatazama. Aliuliza mara mbili kama imefutika kweli, na Neema akamwonyesha mara mbili. Akaifunga kadi kwenye leso, akaiweka mfuko wa ndani, akaaga kila mtu kwa jina.

Kwa hiyo maneno yale sasa yako sehemu mbili, kwenye kadi ile na kwangu. Neema alikuwa upande wa pili wa kioo, na mimi ndiye niliyekuwa na vipokea sauti. Ameshaniuliza mara tatu mzee alisema nini. Namwambia aendelee kuuliza, ndiyo kazi yake, na mimi naendelea kunyamaza, ambayo ndiyo kazi pekee niliyostaafu nayo.